Kimondo kikianguka Pwani, tukipeleke wapi?

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Kisauni. Mwezi jana mwanafunzi wangu aliniletea jiwe jeusi, zito, limefungwa kwenye leso ya mamake. "Mwalimu, hiki si kimondo?" Tulilisogezea sumaku ya spika mbovu, likanasa, na darasa zima likapiga kelele. Nilipoligeuza nikaona matundu matundu kama ya mkate wa kumimina. Kimondo cha mawe hakina matundu hayo ndani. Lilikuwa taka ya chuma kilichoyeyushwa.

Mtoto aliinamisha kichwa, kisha akauliza: "Na lingekuwa lenyewe, tungelipeleka wapi?" Sikuwa na jibu, na swali hilo limeninyima raha hadi leo.

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Februari 1969, kimondo kilipasukia angani karibu na kijiji cha Pueblito de Allende, kaskazini mwa Mexico. Zaidi ya tani 2 za mawe ziliokotwa. Bahati ilioje, maana mwaka huohuo maabara zilikuwa zimejiandaa kupokea mawe ya mwezini yaliyoletwa na Apollo 11. Ukikata jiwe la Allende unaona vidoa vyeupe ndani ya weusi, vingine vidogo kama punje ya mchele. Vidoa hivyo vina umri wa miaka bilioni 4.567. Ndivyo vitu vigumu vya kale zaidi tunavyovijua kuwa viliganda kulizunguka jua letu changa, kabla dunia haijakuwepo. Mawe ya dunia yenyewe hayawezi kutusimulia habari hizo, kwani yameyeyuka na kuumbika upya mara nyingi mno. Humo pia mna vumbi la almasi, chembe ndogo hata darubini ya skuli haizioni, na baadhi yake inaaminika zilitoka kwa nyota zilizokufa kabla ya jua kuzaliwa.

Kenya nasi tumepata letu: mwaka 2011 mawe ya angani yaliangukia eneo la Thika. Likianguka Kilifi au Kwale kesho, litaoshwa, litapasuliwa kwa nyundo, au litauzwa kwa mgeni wa kwanza. Na hewa yetu ya chumvi, inayokula mabati, haitaziacha chembe za chuma zilizomo.

Naiomba Makavazi ya Kitaifa itutengee dawati pale Fort Jesus, na itangaze kwa redio za Pwani kwamba jiwe kama hilo lisioshwe, lifungwe pakavu na lipelekwe siku hiyohiyo. Wanafunzi wangu wako tayari kusambaza habari hizo mtaa kwa mtaa.

Mwalimu wa sayansi,
Kisauni, Mombasa