Mikataba ya umeme tuione kabla haijasainiwa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Watu wakisikia matajiri wanaendesha siasa wanafikiria bahasha, kofia na tisheti za kampeni basi. Mi nasema hizo ni hela ndogo, hela yenyewe iko kwenye mikataba, na mikataba hatuioni mpaka mambo yaharibike.

Chukulia IPTL, kampuni ya kufua umeme. Miaka ya 90 mabwawa yalikauka, mgao wa umeme ukatutesa kweli, 1995 ukasainiwa mkataba wa miaka 20 na kampuni yenye wabia wa Malaysia na wa hapahapa, mitambo ya mafuta ya megawati 100 ikajengwa Tegeta na kuanza kuwaka 2002. Ndani yake mlikuwa na kitu wanaita kapasiti chaji, yaani TANESCO, shirika letu la umeme, ilikuwa inalipa mitambo iwake isiwake. Sasa tajiri mwenye mkataba wa hivyo agombee ubunge wa nini? Hela inaingia tu, na anayelipa ni mama lishe na fundi cherehani kila wakinunua umeme wa luku.

2006 ukame tena, haraka haraka tena, ikaja kampuni ya Richmond kutuletea umeme wa dharura, kamati ya Bunge ya mbunge Mwakyembe ikakuta kampuni haina uwezo wa kazi yenyewe, Februari 2008 Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu na mawaziri wawili. Tukajua tumekoma. Wapi! 2013 zikachotwa hela za akaunti ya Escrow pale Benki Kuu, zaidi ya shilingi bilioni 300, hela ambazo ziliwekwa kando kwa sababu TANESCO na IPTL walikuwa wanagombania hiyohiyo kapasiti chaji. Mwaka uliofuata Bunge likawaka moto, Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, waziri akafukuzwa, wafadhili wakazuia misaada ya bajeti. Kilichoniuma zaidi ni ile orodha ya waliopata mgawo wa hela hizo, maana mlikuwa na wanasiasa, majaji, mpaka viongozi wa dini, yaani walewale ambao mwananchi akionewa ndo anawakimbilia.

Najua wapo watakaosema hayo yamepita, sasa tuna Bwawa la Nyerere la kufua umeme, megawati 2,115. Nalifurahia sana, ila nalo linategemea mvua, na siku mvua ikigoma atatokea mtu na majenereta yake na wizarani watasema hakuna muda wa kujadili. Muda huo ndo tunapigwaga.

Kwahiyo naomba mkataba wowote wa kununua umeme upelekwe Bungeni kabla ya kusainiwa, tena hadharani, bei na kapasiti chaji zionekane. Na vyama vitutajie nani anavichangia. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ipo tangu 2010, inataka vyama vitoe taarifa za michango yao, sasa mtaani kwetu nani ameshawahi kuziona? Nyie wahariri zifuateni hizo taarifa mzichapishe, na mkinyimwa andikeni ukurasa wa mbele kwamba mmenyimwa na aliyewanyima ni nani.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam