Mzee wa Kizota, Dodoma, asante sana

Shikamoo mzee wangu, jina lako sikuuliza na namba sikuchukua, ila ule msumeno wa mkanda, wenye ukanda wa chuma wa meno unaozunguka kwenye magurudumu mawili, niliounga kwa skrepa, ringi za gari na injini kuukuu ya mashine ya kusaga, leo umepasua gogo la mwarobaini na mbao zimetoka zimenyooka kabisa! Wiki mbili mkanda unachomoka kila nikiwasha, mi nakaza tu nakaza, kumbe magurudumu hayajalingana, ukalegeza bolti za shafti ya lile lisilovutwa na injini ukalilaza kidogoo, ukazungusha kwa mkono hadi mkanda ukatulia. Dumu la maji ya kupooza mkanda nimeshafunga. Na hela ulikataa. Mungu akuweke, ukipita tena chai ipo.