Namba zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ninalokutana nalo kila siku nikiwa mtoa dawa katika duka la dawa muhimu lililo njia ya kuelekea stendi ya Msamvu, hapa Morogoro. Mara nyingi husemwa kwamba watu wetu hawapigi simu za bure za ushauri wa afya ya uzazi na magonjwa ya ngono kwa sababu wana aibu, na kwamba mambo ya chumbani hayasemwi kwenye simu. Kwa ninayoyaona, sikubaliani na maelezo hayo.

Kati ya duka ninalofanyia kazi na stendi kuna nguzo kadhaa za umeme, na karibu kila moja ina karatasi au kibao chenye maneno kama “UTI sugu”, “fangasi sugu” na “nguvu za kiume”, na chini yake namba ya simu. Karatasi hizo zisingekuwa zinabandikwa upya kila mvua inapopita kama hakuna anayepiga. Watu wanapiga, wanaeleza kila kitu, na wanatuma fedha kabla hata hawajaiona dawa yenyewe. Mama mmoja alinionyesha chupa ya unga aliouziwa shilingi 45,000 na mtu ambaye hadi leo hajamwona sura. Alikuwa akitokwa na uchafu ukeni na kuumwa chini ya kitovu, dalili ambazo zingeweza kuwa za kisonono au klamidia, lakini kwa wiki tatu zote alizokunywa unga ule hakupimwa, na mumewe hakuambiwa lolote. Nilipomuuliza kwa nini hakupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, alinitazama akasema, “Dada, hiyo si ilikuwa ya korona?”

Jibu lile lilinifundisha mengi. Namba 199 watu wengi waliisikia wakati wa korona, wakadhani imekwisha pamoja nayo. Namba 117, ya ushauri wa UKIMWI, ambayo shirika la vijana la TAYOA imeiendesha kwa miaka mingi, wanaiona kuwa ni ya wale ambao tayari wana virusi, na 116 wanaijua kama ya kutoa taarifa za watoto wanaoteswa, ingawa mtoto mwenyewe anaweza kuipiga akashauriwa. Mtu mwenye muwasho, au msichana aliyepitwa na siku zake, haoni kwamba mojawapo ya namba hizo inamhusu. Karatasi ya kwenye nguzo inataja tatizo lake kwa jina analolitumia yeye, tena iko pale anapopita.

Naomba wahusika walitazame suala hili la majina kwa makini. Hapa dukani karibu kila ugonjwa wa sehemu za siri unaitwa UTI, kwa sababu UTI ni neno ambalo mtu anaweza kulitamka mbele ya wateja wengine bila kuinamisha kichwa. Mimi nikiuza dawa kwa kufuata neno hilo, nitampa mwenye kisonono dawa isiyo yake. Kwenye simu hakuna foleni nyuma ya mgonjwa wala anayemtazama usoni, na mshauri anaweza kumuuliza polepole mpaka lipatikane jina lenyewe la kinachomsumbua.

Jumapili moja jioni kijana wa bodaboda aliingia dukani, akasubiri wateja wawili waondoke, kisha akaomba “dawa ya kusafisha damu”. Kondomu ilikuwa imepasuka usiku wa Ijumaa, na alipanga kwenda hospitali Jumanne, siku yake ya mapumziko. Nilimpeleka stoo, kwenye maboksi, nikapiga namba ya bure kwa simu yangu na kumwekea sikioni. Mshauri hakumuuliza jina, bali alimuuliza lilitokea saa ngapi, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio kama hilo hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kijana aliondoka moja kwa moja kwenda hospitali usiku ule ule, na baadaye alikuja kunionyesha dawa zake za siku 28. Jumanne angekuwa amechelewa.

Tangu mwaka 2019 sheria yetu inaruhusu mtu kujipima VVU mwenyewe, na kijana wa miaka 15 anaweza kupimwa bila ridhaa ya mzazi. Hilo ni jambo jema, lakini mtu anayejipima peke yake usiku, akaona mistari miwili ya kuashiria maambukizi, anahitaji sauti ya kumwambia kwamba majibu hayo lazima yathibitishwe kituoni. Anayeona mstari mmoja wiki moja tu baada ya tukio naye anahitaji kuambiwa arudie, kwa kuwa maambukizi mapya yanaweza yasionekane hadi miezi mitatu ipite. Saa hiyo duka limefungwa na zahanati imefungwa. Nami nimewahi kupiga namba mojawapo ya ushauri saa nne usiku, ikaita hadi ikakatika, ilhali wenye namba za kwenye nguzo hupokea saa yoyote.

Kwa hiyo naomba namba hizi zipokelewe usiku, zibandikwe stendi, kwenye vijiwe vya bodaboda, saluni na milango ya vyoo vya baa, na karatasi zitaje muwasho, uchafu, kondomu iliyopasuka na siku zilizopitiliza, pamoja na maneno mawili: bure, bila jina. Maduka yetu nayo yaruhusiwe kuwa na kona ya kuongelea, maana wengi wanaishi chumba kimoja na familia na hawana pa kusemea. Gazeti lako nalo linaweza kusaidia, ndugu Mhariri, kwa kuzichapa kila wiki, na ningependa ziwekwe ukurasa wa michezo, pembeni ya msimamo wa ligi, kwa sababu huo ndio ukurasa ninaouona ukizungushwa kijiweni mpaka unachanika.

Mtoa dawa,
Morogoro