Mteja aelezwe kilichomo ndani ya empanada

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie bekari iliyopo mtaani kwetu Kitangiri, hapa jijini Mwanza, inayouza vitafunwa vya Kiargentina, zikiwamo empanada, ambazo kwa asiyezijua ni kama sambusa kubwa ya nusu duara, yenye ganda nene, iliyookwa kwenye oveni. Sina ugomvi na bekari hiyo. Vitafunwa vyake ni vitamu, na wanaodai kwamba itawanyima riziki kina mama wauza maandazi wanakuza jambo, kwa sababu bei zake haziwagusi wateja wa maandazi. Ninachoomba ni kwamba mnunuzi aelezwe anachokula, kuanzia kilichojazwa ndani hadi mafuta yaliyotumika kukandia unga.

Suala la mafuta ndilo linalonisumbua zaidi. Kwa desturi ya Argentina, unga wa empanada mara nyingi hukandwa kwa mafuta ya ng'ombe, na wapo wanaotumia ya nguruwe. Hata medialuna, vile vimkate vyenye umbo la mwezi mwandamo vinavyonywewa kahawa asubuhi, huko huwa vya aina mbili: vya siagi, ambavyo ni laini na vitamu, na vya mafuta ya mnyama, ambavyo ni vyembamba na vina ladha ya chumvi, na mteja hutaja anavyovitaka. Huku kwetu vyote vimepangwa katika kabati moja la kioo bila kibandiko chochote, na nilipomuuliza muuzaji ni mafuta gani, alinijibu kuwa ni "ya kawaida tu". Jibu hilo halimsaidii Mwislamu, ambaye hata nyama ikiwa imechinjwa kihalali, ganda lenye mafuta ya nguruwe linamharamishia chakula chote. Wala halimsaidii jirani yetu Mhindu asiyekula ng'ombe.

Kuhusu vijazo, Waargentina wenyewe walishapata ufumbuzi. Maduka mengi ya huko hufinya ukingo wa empanada kwa namna tofauti kulingana na kilichomo, hivi kwamba ya nyama ina msuko wake, ya kuku wake na ya jibini wake, na mengine humpa mteja karatasi yenye michoro ya kumwongoza. Wanafanya hivyo kwa sababu vijazo ni vingi mno. Ya jimbo la Salta huwa na vipande vya viazi, ya jimbo la Tucumán haina viazi na nyama yake hukatwakatwa kwa kisu, na kwingine huongezwa yai la kuchemsha, zabibu kavu au zeituni (ambayo ikiachwa na kokwa yake ni hatari kwa meno ya mtoto, jambo ambalo nalo lingestahili kutajwa). Ipo pia ya mahindi mabichi, na wakati wa Kwaresima Wakatoliki wa huko hula ya samaki, hasa jodari. Mkatoliki wa Mwanza anayefunga nyama siku ya Ijumaa angepokea kwa furaha empanada ya sangara au sato, mradi ajue kwa hakika kwamba ndiyo aliyopewa.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula umekuwa mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania. Ningependa wakaguzi wake, pamoja na maofisa afya wa halmashauri, wanapopita kwenye bekari wasiishie kuangalia usafi wa sakafu na aproni za wahudumu, bali waulize pia kama mteja anaelezwa viambato.

Ikiwa bekari itaona kusuka kingo za kila aina ni kazi nzito, karatasi na kalamu ya wino vinatosha. Ila wasiandike "nyama" na "mafuta" wakaishia hapo. Waandike ni ya mnyama gani.

Wako,
Mkazi wa Kitangiri,
Mwanza