Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Tanga: Tunaomba jioni ya tarehe 1 Januari

Mstahiki Meya,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama sivyo, pole na kazi. Nakuandikia kuhusu siku moja tu ya mwaka.

Siku yenyewe ni tarehe 1 Januari. Unajua inavyokuwa hapa kwetu. Kuanzia saa nane mchana mji mzima unateremkia ufukweni Raskazone. Baiskeli moja imepakia watu watatu, watoto wamevaa nguo mpya ambazo bado zina mikunjo ya dukani, mihogo inachemka kwenye mafuta, na maspika ya huku yanashindana na ya kule mpaka husikii hata moja. Magharibi ikiingia tunarudi na mchanga masikioni. Sina ugomvi na hayo, maana nami huwa nimo, suruali nimeikunja hadi magotini.

Ila tarehe hiyohiyo, mwaka 1909, hapo kijijini Vibambani, alizaliwa Shaaban Robert. Alikuwa karani wa serikali, si tajiri wala mtu wa cheo kikubwa, na miaka yake ya mwisho kazini aliifanyia hapahapa Tanga. Mchana alijaza makaratasi ya ofisi, muda uliobaki akaandika mashairi na vitabu ambavyo leo vinasomwa popote panapofundishwa Kiswahili. Sisi wa nyumbani siku yake ya kuzaliwa tunaogelea. Miaka yote niliyokwenda Raskazone Januari mosi, sijasikia ubeti wake mmoja ukisomwa, hata kwa bahati mbaya.

Najua linalokuja kichwani mara moja: tamasha. Jukwaa kubwa, msanii kutoka Dar es Salaam, fulana zenye nembo ya mdhamini, hotuba saa mbili. Hilo siliombi, tafadhali. Tamasha la namna hiyo likiondoka linaacha chupa za plastiki na deni la jenereta.

Ninachoomba ni ushindani. Mji huu, Mstahiki, haujawahi kuchangamka bila kugawanyika mara mbili. Wazee wa zamani walikuwa na vikundi vya ngoma ya beni, huyu Marini na yule Arinoti, kila upande ukitaka kuonekana umependeza kuliko mwingine. Kwenye mpira tuna Coastal Union na African Sports, na siku wakikutana Mkwakwani ndugu hawasalimiani. Kwenye taarabu walikuwapo Black Star na Lucky Star. Black Star ndio walioweka gita la umeme na besi pale palipozoea okestra kubwa ya fidla, na sauti hiyo ya Tanga ikavuka mpaka ikafika Mombasa. Shakila, aliyetutoka mwaka 2016, aliimbia humo. Nani aliwapangia washindane? Hakuna. Walishindana kwa sababu upande wa pili ulikuwa unasikiliza.

Basi tushindanishe barabara za Ngamiani. Zina namba tayari, wala hatuhitaji kuumiza kichwa kutafuta majina ya timu. Kila barabara ilete malenga mmoja na waimbaji wake. Barabara ya kwanza itoe fumbo kwa shairi, nyingine ilifumbue kwa vina na mizani ileile, na aliyekosea mizani watu wamwambie palepale. Watoto wa shule wafungue kwa kusoma beti za mwenyeji wa siku. Mwisho taarabu ipigwe, na mwenye noti ya kutunza aende mbele akatunze.

Wapigaji wapo. Jirani yangu, mzee wa zaidi ya miaka sabini, alikuwa mpiga besi katika kikundi kimoja hapa mjini. Gita lake limelala juu ya kabati, limefungwa kwa kanga, na limebaki na nyuzi mbili. Nilipomuuliza kama bado anakumbuka, hakunijibu. Aliweka kidole gumba gotini akaanza kupiga, macho ameyaelekeza ukutani, na mguu wa kulia unahesabu. Alikwenda hivyo wimbo mzima. Mjukuu wake akaja kumwuliza kama anaumwa.

Mjukuu huyo ndiye anayenifanya niandike. Ana miaka kumi na sita, anaandika mistari ya kufokafoka kwenye daftari la hesabu, na vina vyake, nakuhakikishia, vimepangwa vizuri kuliko hesabu zake. Hajui kwamba babu yake amewahi kupanda jukwaani. Wanaishi nyumba moja.

Kuhusu mahali, lile boma la Wajerumani lenye Makumbusho ya Urithi lingefaa, au bustani mojawapo inayotazama bandari, ambako mtu akichoka mashairi anatazama meli. Saa kumi na moja jioni mpaka saa nne usiku inatosha. Kutoka jijini tunahitaji umeme, taa, vyoo vinavyofunguka, na kibali kinachotolewa mapema. Hilo la kibali nalisemea kwa uchungu: niliwahi kuzungushwa wiki tatu kwa ajili ya maulidi ya mtaani, karatasi ikatoka siku ya pili baada ya shughuli.

Kuna atakayesema watu watakuwa wamechoka na mkesha. Waliochoka hawaonekani Raskazone. Mwingine atauliza habari ya dini, na hapo ndipo tarehe hii inapofaa zaidi, kwa kuwa haimgusi mtu na sikukuu ya mwenzake. Miaka ya 2031 hadi 2033 tu ndiyo itatubana, maana kwa hesabu za kalenda Januari mosi itakuwa ndani ya Ramadhani. Miaka hiyo tutaanza baada ya tarawehe.

Nawe tungependa uje. Hotuba isizidi dakika tano, kisha usome ubeti mmoja, wowote utakaoupenda. Ukikosea mizani utaambiwa kama wengine.

Viti sitini vya mtaani kwetu nimeshaviombea ruhusa kwa wenyewe, na mkokoteni wa kuvibebea upo. Naomba kuelezwa nivipeleke bomani au bustanini.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Ngamiani, Tanga