Ile namba ya moja saba sio tasa

Ndugu Mhariri,

Mi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, gazeti lenu nanunua kila Jumamosi na nikishalisoma ndo nafungia wateja, kwa hiyo msije mkasema silitumii. Ila ile chemsha bongo mmetupiga. Mliuliza 1,111,111 ni namba tasa au sio, yaani ile inayogawanyika kwa moja na yenyewe tu, halafu jibu mkaandika eti ni tasa maana haigawanyiki kwa 2, 3, 5, 7, 11 wala 13. Jamani!

Mtoto wa dada yangu yuko la sita, akaniambia anko mbona zote zinabaki moja? Nikachukua simu, kweli bana, gawa kwa 3 inabaki 1, kwa 7 inabaki 1, 11, 13, mpaka 37 nayo 1. Nikadhani kalkuleta imevurugika. Kumbe ile ya moja sita, 111,111, inagawanyika kwa 3, 7, 11, 13 na 37 zote bila salio, ukiiwekea sifuri nyuma bado inagawanyika, sasa ukijumlisha ile moja ya mwisho ndo hiyo hiyo inayobaki. Yaani imekaa kimtego, ukijaribu vinamba vidogo unaona haigawanyiki unaondoka zako, na nyie ndo mlivyoondoka.

Kupima tasa unaenda mpaka kwenye kipeuo cha pili, hapa ni kama 1,054, huishii 13. Dogo akachana boksi la sabuni akapanga namba tasa kwa foleni, mi nabonyeza yeye anakata, umeme ukakatika tukawasha tochi ya simu, nikamwambia tuache bwana gazeti haliwezi kukosea, hataki. Ya 52 kwenye foleni ni 239. Ikaja 4,649 kavu, hakuna nukta. Nikarudia mara tatu. Na hiyo 4,649 yenyewe ni tasa, kwa hiyo namba yenu ina vigawo vinne tu, 1, 239, 4,649 na yenyewe, ndo maana haishikiki kirahisi.

Sifa nyingine inazo, ni witiri, inasomeka mbele na nyuma, ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata 1,234,567,654,321, hiyo mngeuliza watoto wangefurahi sana. Lakini tasa sio.

Vocha mliyompa aliyejibu tasa abaki nayo tu, dogo anataka masahihisho yatoke hapo hapo kwenye chemsha bongo, akaonyeshe shule. Na kama mnapenda sana hizi za moja moja, yenye moja mbili, 11, ni tasa, halafu inayofuata ni ya moja kumi na tisa, ila hiyo msiwape watoto maana kipeuo chake kinapita bilioni moja na mi boksi sina tena.

Anko wa la sita,
Kirumba, Mwanza