Kaka, OFBiz usianzie kwenye Java

Mambo vipi kaka,

Meseji yako nimeiona, eti umeshusha Apache OFBiz yote, ile programu huria ya kuendeshea biashara iliyoandikwa kwa Java, ukafungua folda ya applications, ukakuta mafaili hayaishi na sasa unataka kuachana nayo. Usiache bana. Hicho kitu ni kikubwa kweli, kilianza 2001 na tangu Desemba 2006 ni mradi kamili wa Apache, kwa hiyo miaka yote hiyo watu wanaongeza tu: oda, stoo, uhasibu, viwanda, wafanyakazi, vyote vimo humo. Sidhani kama kuna mtu anakijua chote kichwani, na wewe huna haja.

Mi nakushauri Java iache kwanza, anza na data. Endesha loadAll ya Gradle (zana ya kujenga na kuendesha mradi) ijaze data za mfano, washa seva, ingia webtools, yaani kurasa zake za usimamizi, kwenye localhost:8443 kwa admin na pasiwedi ofbiz, afu kaa hapo kwenye Entity Data Maintenance uchungulie tebo moja moja. Databesi usihangaike nayo saa hizi, inakuja na Derby, databesi ndogo ya ndani, ile kubwa ya PostgreSQL utaiweka baadaye kwenye faili la entityengine.xml.

Anza na Party. Ukitafuta tebo ya wateja utaitafuta mpaka uchoke maana haipo, wala ya wauzaji haipo. Kuna Party tu, ambayo inaweza kuwa Person au PartyGroup yaani kampuni, na huo uteja ni cheo anachopewa kwenye PartyRole, ndo maana mtu huyohuyo anaweza kuwa mteja wako, muuzaji wako na mfanyakazi wako bila kuandikwa mara tatu. Anwani nayo usiitafute kwenye Person, inakaa PostalAddress, na inayomuunganisha nayo ni PartyContactMech ambayo ina fromDate na thruDate, kwa hiyo mtu akihama hufuti kitu, unaweka thruDate kwenye ile ya zamani unaongeza mpya, na oda za zamani bado zinaonyesha mzigo ulipelekwa wapi. Mwanzoni inakera kinoma, unajiuliza tebo zote hizi za nini kwa anwani moja. Ila ukishaielewa hiyo, kwenye bei za bidhaa utakuta fromDate na thruDate zilezile, na kwenye vitu vingine kibao.

Ukishazoea data, chukua ombi (request) moja tu ulifuate mpaka mwisho. Vuta plagini ya example, tafuta ombi la createExample ndani ya controller.xml, faili linaloelekeza kila ombi liende wapi, utaona inaita sevisi, yaani kipande cha kazi chenye jina lake, nenda kwenye services.xml uitafute kwa jina hilohilo, utakuta injini yake ni entity-auto, maana yake hakuna hata mstari wa Java ulioandikwa, fremuweki yenyewe inasoma maelezo ya entiti (yaani tebo) inaingiza rekodi. Ndo nilikuwa nakwambia Java isubiri! Ukikutana na Minilang, zile programu zilizoandikwa kwa XML, jua kuzisoma tu, we andika kwa lugha ya Groovy.

Sasa kuna kitu kimoja kitakusumbua, bora nikwambie mapema. Utabadilisha shehena iwe SHIPMENT_PACKED, ghafla invoisi imetokea, na ukisoma sevisi ya updateShipment huoni popote inapotengeneza invoisi. Hiyo ni SECA, yaani kanuni inayoita sevisi moja baada ya nyingine. Kuna mafaili yanaanza na secas, humo imeandikwa kwamba sevisi fulani ikimaliza na hali ikiwa hivi basi ita nyingine, hapo ndo createInvoicesFromShipment, sevisi inayotengeneza invoisi, inapoitwa. Kwa hiyo kabla hujagusa sevisi yoyote tafuta jina lake kwenye mafaili ya secas ya mradi mzima, sio folda moja tu, maana sevisi ya uhasibu inaweza kuitwa kutoka kwenye folda ya bidhaa. Binafsi naona hiki ndo kitu kizuri kuliko vyote humo na ndo kinachochosha kuliko vyote, inategemea umeamkaje.

Halafu code yao ya programu usiihariri moja kwa moja hata kama kabadiliko ni kadogo, tengeneza plagini yako kwa createPlugin ukae humo, la sivyo toleo jipya likitoka utalia.

Fuata hiyo createExample kwanza, ukimaliza nenda kwenye tebo za oda, OrderHeader na OrderItem. Ukikwama nitumie logi yote, sio mstari wa mwisho tu kama kawaida yako.

Wako,
yuleyule